Mkono wa Manati

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimwita Manati, kwa sababu ya ule mkono wake wa kulia, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko shati lolote alilowahi kuvaa. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba. Siku za kazi ungemkuta juu ya ngazi, kofia ya karatasi kichwani, kope zimejaa vumbi la msasa. Jumamosi mchana alikuwa mtu mwingine kabisa. Nyuma ya maghala ya mbao palikuwa na uwanja wenye nyasi za kubahatisha, na hapo timu ya mafundi ilicheza besiboli na timu ya wachapaji, ya waoka mikate, ya watu wa posta. Katikati ya uwanja kulikuwa na kituta cha udongo, na juu ya kituta hicho alisimama Manati, mrushaji wa mafundi.

Kazi ya mrushaji ni kumtupia mpigaji mpira kwa namna ambayo rungu lake litaukosa, au litaugusa vibaya. Mpigaji akiukosa mara tatu, anatoka. Manati alitaka kila mpigaji akose mara tatu. Hakutaka wenzake nyuma yake wapate hata mpira wa kuokota. Alikuwa akikunja uso, akivuta mkono nyuma kama mtu anayetaka kung'oa mlango, halafu anaachia. Mpira ulivuma. Watu kwenye mabenchi walisema, "Lo!" na ile "Lo!" ndiyo iliyomlisha wiki nzima.

Jumamosi jioni mkewe alimkanda bega kwa kitambaa cha maji moto. Jumapili hakuweza kujichana nywele. "Mkono wa kazi lazima uume," alimwambia mkewe. Mkewe aliendelea kukanda.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mume wa mdogo wake wa kike alipohamishiwa mji huo. Alikuwa fundi wa lifti, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukisikiliza kitu kabla ya kukigusa. Manati mwenyewe ndiye aliyemwalika uwanjani. "Njoo, shemeji, usikae nyumbani kama kuku anayeatamia. Kule utatusaidia kubeba maji." Hakumwuliza kama aliwahi kucheza.

Jumamosi ya kwanza shemeji alikaa benchini. Ya pili vilevile. Ya tatu, mchezo ukiwa umefika katikati, mkono wa Manati ulianza kumgomea; mipira ikawa inapaa juu ya vichwa vya wapigaji. Kocha, mzee mmoja wa duka la vioo, akamwita apumzike, akatazama huku na huku. "Nani mwingine anaweza kurusha?"

"Naweza kujaribu," akasema shemeji.

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Yule bwana akapanda kituta bila haraka. Akainua goti la kushoto, akatulia kidogo, akapiga hatua ndefu mbele, kiuno kikageuka, kifua kikafuata, na mkono ukaja mwisho kabisa, kama mtu aliyechelewa kwenye msafara. Mpira haukuvuma. Ulifika tu, pale pale alipotaka. Mpigaji akaugusa, ukabingirika chini, mchezaji wa nyuma akauokota na kuutupa kwenye kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika, kazi ikaisha. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Mrushaji hakutoa hata jasho.

"Polepole kweli huyu," Manati alisema kwa sauti, ili mabenchi yasikie. "Angekuwa anatuma barua ingefika mwakani."

Mabenchi yakacheka, na jina likanata. Ila lilinata kwa namna ambayo Manati hakuitarajia. Baada ya wiki chache, kila shemeji yake alipokanyaga kituta watu walipiga makofi na kuimba, "Po-le-po-le! Po-le-po-le!" Ile sumu aliyoitengeneza mwenyewe ikageuka asali mdomoni mwa wengine.

Hapo ndipo wivu ulipoingia. Mwanzo ulikuja kama mchanga ndani ya kiatu: unatembea nao, unasema utautoa ukifika. Alijiambia shemeji ana bahati. Kisha akajiambia wapigaji wanamwonea huruma. Halafu mama yake mzazi, ambaye tangu zamani alikuwa akija uwanjani na kiti chake cha kukunja, akamwuliza asubuhi moja, huku akifunga kilemba, "Leo mkwe wangu anarusha?"

"Mimi ndiye ninayeanza, Mama."

"Aa, basi nitakuja baadaye kidogo. Nina nguo za kuanika."

Manati alimeza chai ikiwa ya moto, ikamchoma hadi tumboni. Hakuhisi uchungu wa chai.

Akaanza kumchunguza shemeji yake kama mlinzi anayemshuku mgeni. Alitazama viatu vyake, akadhani siri iko kwenye soli. Alitazama mpira, labda ameupaka kitu. Kilichomkata maini zaidi ni kumwona baada ya mchezo: Polepole alikaa, akakunja mkono, akaunyoosha, akala mkate wake kwa mkono uleule aliorushia, akacheka na watu. Manati wakati huo alikuwa akishika kikombe kwa mkono wa kushoto na kujifanya ndivyo alivyozoea.

Akaamua dawa ni nguvu. Wakati huo alikuwa akipaka rangi nyumba yenye ua mpana, na kila jioni, wenye nyumba wakiwa hawajarudi, alitoa mpira mfukoni mwa ovaroli na kuurusha kwenye ukuta wa nyuma, wa saruji tupu. Pa! Pa! Pa! Kila mpira aliourusha ukutani aliulenga uso wa mtu fulani mrefu, mpole. Hakupumzika siku hata moja. Bega likaanza kuongea naye, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Asubuhi moja, akipaka dari ya sebule, mkono ulikufa ganzi, rola ikamponyoka ikatua juu ya kochi la watu, kochi la rangi ya krimu, yeye akipaka kijani.

"Ngazi iliteleza," alimwambia mama mwenye nyumba.

Akalisafisha kochi kwa tapentaini hadi jioni, kwa mkono wa kushoto.

Mwisho wa msimu ukafika, na mchezo wa kutafuta mshindi ukawa dhidi ya wachapaji, watu wenye maneno mengi. Kocha akawaita wote wawili pembeni. "Nafikiri aanze Polepole," akasema, "halafu Manati amalizie."

Manati aliona giza. "Kocha, mimi nimeibeba timu hii tangu uwanja huu ukiwa jalala."

"Najua, lakini mkono wako..."

"Mkono wangu una nini?"

Kocha akamtazama shemeji. Shemeji akasema, taratibu kama kawaida yake, "Mwache aanze, kocha. Uwanja ni wake."

Angetukanwa angevumilia. Kuachiwa nafasi kama mtoto anayeachiwa kipande cha mwisho cha nyama, hilo lilimchoma zaidi. Akapanda kituta akiwa amefura.

Wapigaji wawili wa kwanza walikosa mara tatu tatu. "Lo!" mabenchi yakasema, na Manati akamtazama shemeji yake kwa pembe ya jicho kuona kama amesikia. Akazidisha. Mpira wa kawaida aliuona ni aibu. Kila mmoja ulipaswa kuwa radi. Wachapaji nao walikuwa wajanja, wakawa wanasubiri, wanagusa gusa tu, wanamlazimisha arushe tena na tena. Jua likampiga utosini. Kiwiko kikaanza kushuka bila yeye kujua, mpira ukawa unatoka chini ya bega, unapaa, unakwenda pembeni. Mdakaji wake, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira, akaja kitutani kumsemesha. "Pumzika, ndugu yangu."

"Rudi ukadake."

Akavuta mkono nyuma kwa nguvu zote alizobakiza. Kitu kikalia ndani ya bega, kama uzi wa nguo unaokatwa kwa meno. Mpira ulianguka karibu na miguu ya mpigaji, na Manati akapiga magoti.

Kocha alikuja, na nyuma yake alikuja shemeji, kiganja kimefunguliwa kupokea mpira, maana desturi ya mchezo ni mrushaji anayetoka kumpa mkononi anayeingia. Mdakaji alikuwa amekwisha kumrudishia Manati mpira. Manati akasimama nao, akamtazama shemeji yake usoni, halafu akauachia udondoke mavumbini. Shemeji akainama akauokota. Akarusha mpaka mwisho, na mafundi wakashinda, na Manati hakuwa miongoni mwa waliobebwa mabegani. Yeye alisikia vigelegele akiwa nje ya uwanja, mkewe anamfungia mkono kwa khanga.

Kwenye zahanati alipokewa na mtaalamu wa viungo, mama mwenye miwani, ambaye alimwinua mkono kidogo kidogo hadi Manati akatoa sauti.

"Mshipa haujakatika," akasema. "Umevimba vibaya. Unapumzika kabisa, halafu tutaanza mazoezi. Ukirusha kabla sijakuruhusu, hata rola hutaishika tena. Nani alikufundisha kurusha?"

"Hakuna. Nilizaliwa na mkono huu."

"Ndiyo maana," akasema yule mama, akiandika. "Mwili mzima umekaa ukitazama, mkono peke yake unafanya kazi."

Kurudi nyumbani akamkuta mdogo wake amekaa jikoni na mkewe. Mdogo wake hakungoja salamu zipoe.

"Kaka, ule mpira ulimwangushia mume wangu kwa nini?"

"Uliniponyoka."

"Usinifanye mtoto. Unamwonea wivu, mji mzima unajua. Unajua na yeye alikaa muda gani bila kuinua mkono? Mwanetu wa kwanza hakuweza kumpakata. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vifungo vya shati. Alikuwa anarusha kama wewe, kule tulikotoka, vilevile, kama mtu anayepigana na hewa. Wakampasua bega. Ana kovu kutoka hapa mpaka hapa." Akachora kwa kidole kwenye bega lake mwenyewe. "Akaanza upya, kama mtoto anayejifunza kutembea. Aliniomba nisiseme, asije akaonekana anakufundisha kwako mwenyewe."

Manati aliinamisha kichwa. Mtu angedhani ni majuto, na majuto yalikuwepo. Ila chini yake palikuwa na kitu kingine kilichomshangaza hata yeye: wivu uleule, umebadilisha nguo. Hata kuumia, kumbe, shemeji yake alimtangulia. Hata huko alikuwa na kovu, na yeye ana uvimbe tu.

Mazoezi ya zahanati yalichukua muda mrefu. Kazi hazikungoja. Palikuwa na ukumbi wa mikutano wa kupakwa rangi, dari pana, na Manati alikuwa ameruhusiwa kazi nyepesi tu. Siku ya mapumziko ya mafundi wa lifti, shemeji yake akatokea mlangoni amevaa shati kuukuu.

"Nipe brashi," akasema. "Kuta za chini naweza. Dari sijui."

Manati alitamani kumfukuza. Kilichomzuia ni ule ukubwa wa dari. Wakafanya kazi, mmoja huku mmoja kule. Baadaye Manati akafunga rola kwenye mti mrefu, akapima kidogo kama bega litakubali, akaanza kupaka dari: anakunja magoti, anasukuma kwa mapaja, kiuno kinageuka, rola inateleza kutoka ukuta hadi ukuta, mkono unaongoza tu. Alikuwa amefanya hivyo miaka yote. Asingemaliza hata chumba kimoja kwa mkono peke yake.

Alipogeuka, shemeji ameacha kupaka, anamtazama.

"Nini?"

"Rudia hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hivyo ulivyofanya. Shemeji, mbona unajua! Miguu, kiuno, kifua, halafu mkono. Mimi ilinichukua muda mrefu kitandani kuelewa hicho. Wewe unakifanya kila siku, ukifika uwanjani unakiacha kwenye ngazi."

Manati alisimama na mti wake mkononi, matone ya rangi yanamdondokea begani. Alikuwa na siri yake mwenyewe, ndani ya kazi yake mwenyewe, na aliyemwonyesha ni huyu. Ilimuuma. Akakunja magoti tena, akasukuma, na safari hii akajitazama.

"Nionyeshe mguu unautuaje," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Wakaanza pale pale ukumbini, juu ya magazeti yaliyotandazwa sakafuni. Shemeji hakumpa mpira. Alimpa taulo, arushe hewani. Mguu wa mbele utue ukielekea kwa mpigaji, si pembeni. Kiuno kianze kabla ya bega. Mkono ukishatoka usiushike breki ghafla, uache upite ushuke mpaka gotini. Na kiwiko kikianza kushuka, umechoka; hapo hakuna ujanja, unatoka.

Hayo yote Manati aliyapokea. Lililomshinda kumeza lilikuwa moja. "Waache wapige," shemeji alimwambia. "Usitake kila mtu akose mara tatu. Rusha chini, wagonge, wenzako waokote. Unamaliza mtu kwa mpira mmoja badala ya sita."

"Na mimi nitaonekana nimefanya nini?"

Shemeji akafikiri. "Hutaonekana," akakiri.

Msimu mpya Manati alirudi kitutani. Hakukuwa na "Lo!" Mpira wake ulikuwa na kasi karibu ileile ya zamani, lakini ulitoka bila kelele, na wapigaji wakaugonga chini, na wenzake, ambao miaka yote walisimama nyuma yake kama miti, wakawa wanakimbia, wanaokota, wanacheka. Kocha alifurahi. Jumapili Manati alijichana nywele mwenyewe mbele ya kioo, mkewe akamwangalia kutoka mlangoni, akatabasamu. Na siku alipohisi kiwiko kinashuka aliita benchi mwenyewe, akautia mpira kwenye kiganja cha shemeji yake. Mara akasikia nyuma yake, "Po-le-po-le! Po-le-po-le!" na Mama akiongoza kuimba. Akaenda kukaa.

Sasa likatokea jambo ambalo watu wa uwanja ule wanalisimulia hadi leo, wengi wao kwa makosa. Walikuwa wakicheza na waoka mikate, mafundi wanaongoza kwa pointi moja. Manati alikuwa amerusha nusu ya kwanza, shemeji yake yuko kitutani anamalizia. Siku hiyo watu walikuwa wengi, nyimbo ni nyingi, na Polepole, mtu mpole, alianza kuonja utamu wa kelele. Akaanza kurusha kwa nguvu. Mpigaji mmoja akakosa mara tatu. "Lo!" watu wakasema.

Manati akakiona kiwiko. Kilikuwa kimeshuka, kidogo tu, upana wa vidole viwili. Kocha hakuona. Hakuna aliyeona. Ni jicho la wivu tu, lililomchunguza mtu huyo kwa msimu mzima, lingeweza kuona.

Akakaa kimya. Mpigaji mwingine akaja, na Manati bado yuko kimya, mikono kati ya magoti. Kuna sauti ndani yake iliyosema: mwache. Naye apige magoti. Naye afungwe khanga mbele ya watu. Mpira ukapaa juu ya kichwa cha mpigaji. Shemeji akakunja uso, akalinyoosha bega, akaliinua kama mtu anayepandisha mzigo. Manati alimkumbuka mdogo wake jikoni, kidole chake kikichora begani. Akasimama, akatembea hadi kituta bila ruhusa ya mtu.

"Kiwiko kimeshuka," akasema.

"Bado naweza."

"Nami nilisema hivyo."

"Shemeji, wamebaki wapigaji wachache. Tunashinda." Macho yake yalikuwa yameanza kuwaka, na Manati akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona usoni mwa mtu yule: kiburi, kilekile ambacho Manati alikijua ndani yake mwenyewe kama anavyojua viatu vyake.

"Kocha!" Manati akaita. "Mtoe huyu. Amechoka."

Kocha akamwamini, akamtoa. Akaingia kijana wa duka la baiskeli, asiyekuwa na uzoefu, na waoka mikate wakaipiga mipira yake wakatangulia, na mafundi wakashindwa.

"Wivu tu!" mtu alipiga kelele kutoka mabenchi. "Amemtoa kwa wivu!" Wengine wakaitikia. Mara zote alizokuwa na wivu kweli hakuna aliyemzomea. Leo, siku moja aliyoushinda, walimzomea mpaka getini. Mama naye alikunja kiti chake kwa kishindo. "Mwanangu," akasema, "hata kama, lakini huyo ni mkweo."

"Ni mkweo wewe, Mama. Kwangu mimi ni shemeji."

Shemeji hakusema naye siku kadhaa. Kisha akaja kazini, mkono ndani ya mfuko wa koti. Manati alikuwa akikoroga rangi.

"Nimetoka kwa yule mama wa zahanati," akasema. "Amesema mshipa ulikuwa umeanza kuvimba palepale pa zamani. Ningeendelea kidogo tu ningerudi kwenye kisu."

Manati akaendelea kukoroga.

"Asante, shemeji."

"Nilikaa kimya kwanza," Manati akasema. "Mpigaji mzima alipita nikiwa nimekaa. Ujue hilo. Wewe, ungekuwa mimi, ungekuja?"

Shemeji alifikiri, kwa uaminifu wake ule unaoudhi.

"Ningekuja," akasema. "Nadhani ningekuja mapema zaidi."

Manati akaacha kukoroga. Wivu ukampanda kutoka tumboni hadi masikioni, mbichi kama siku ya kwanza. Hata kwenye hili! Akamtazama yule mtu mrefu aliyesimama mlangoni, asiyejua amesema nini, na kicheko kikamtoka, kikamshika mpaka akashikilia ngazi.

"Toka hapa," akamwambia, akifuta macho kwa mkono wenye rangi. "Au shika brashi."